Nani Alimwua Nofret? Kitabu cha Misri Mikononi mwa Vijana wa Mantapala

Kitabu chenyewe kilitufikia bila jalada, kwa Kifaransa, kurasa za mwanzo zimelegea: La mort n'est pas une fin cha Agatha Christie, yule mama Mwingereza wa hadithi za upelelezi. Kimezunguka katika kikundi chetu cha kusoma mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Wale waliosomea huku Zambia, ambao Kifaransa hawakijui, wanasimuliwa jioni na wenzao. Naandika juu ya hao, na pia juu ya ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaouliza kila mara kama vijana wa kambi wanasoma. Wanasoma. Wanagombana pia juu ya walichosoma.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza kitabu kinaitwa Death Comes as the End, yaani kifo kinakuja ndicho mwisho. Mfaransa akageuza: kifo si mwisho. Mtu anaweza kusema mtafsiri ameharibu, lakini mimi naona alisoma vizuri kuliko mwenye kitabu. Ndani ya nyumba hii marehemu hapumziki. Anafanyishwa kazi kuliko walio hai.

Christie alikitoa mwaka 1944 huko Marekani. Hakuna London, hakuna treni, hakuna polisi. Tuko Misri, ng'ambo ya mto Nile mbele ya Thebes, karibu miaka 2000 kabla ya Kristo. Mzee Imhotep ni kuhani wa makaburi, tajiri wa mashamba, na wana wake watatu wote wanakula kwake. Yahmose mkubwa ni mtu wa adabu, anatukanwa na baba na kusemwa na mke wake Satipy. Sobek ni wa majivuno. Ipy ni mdogo aliyedekezwa. Kuko bibi mzee Esa, karibu kipofu, lakini anaona kuliko wote. Kuko Henet, yule mtu wa nyumbani anayelialia na kubeba maneno toka chumba hadi chumba (kila plot hapa iko na Henet wake, msikatae). Kisha mzee anasafiri kaskazini, anarudi na msichana mrembo, Nofret, suria, ambaye kwetu Kongo tungemwita dezieme biro. Hapo moto unawaka.

Nofret anakutwa amekufa chini ya njia ya mwamba inayopanda kaburini. Baadaye Satipy anaanguka palepale, amejaa hofu, akitaja jina la Nofret. Sobek anakufa kwa divai yenye sumu. Mtoto mchungaji wa ng'ombe anasema alimwona mwanamke akitia kitu katika divai, na maelezo yake yanafanana na marehemu. Naye mtoto anakufa. Sasa nyumba nzima inajua jibu: ni roho ya Nofret. Imhotep anaagiza barua iandikwe kwa mke wake wa zamani, aliyekwisha kufa, awasaidie huko aliko. Wamisri waliandika kweli barua za namna hiyo kwa wafu wao, Christie hakubuni.

Asiyetaka kumjua muuaji aruke aya hii. Ni Yahmose, yule mpole. Wasomaji wetu wengi walimhukumu Henet, wengine Kameni, karani kijana aliyetoka kaskazini. Hakuna aliyemtaja kaka mkubwa, na tulipofika mwisho kulikuwa na kelele. Mmoja alisema mwandishi ametudanganya. Mimi nasema hapana, alituonya mapema. Hori, mwandishi wa mahesabu ya nyumba, anamweleza Renisenb, binti wa mzee, habari ya mlango wa uongo unaochongwa katika kaburi: unafanana na mlango, lakini haufunguki popote. Watu nao wanajijengea mlango kama huo, anasema. Mtu dhaifu anaweka mbele sura ya nguvu, na sisi tunaishia kwenye ile sura. Yahmose ameonewa miaka mingi, mpaka siku moja anaua kwa hasira, kisha anaona kwamba kuua kunampa ukubwa ambao baba yake alimnyima. Anakunywa sumu yake mwenyewe kidogo, apate kulala kitandani kama mgonjwa. Nani atamshuku mgonjwa? Na huku anaendelea, maana watu wamekwisha kumpa kisingizio. Kila maiti inaandikwa kwa jina la Nofret.

Hapo ndipo kitabu kinatugusa sisi wa Mantapala, na sitazunguka. Tangu kambi ianze kupokea watu mwanzoni mwa 2018, tumezika. Malaria, kuhara, uzazi, mambo yanayojulikana. Lakini kijana akifa ghafula, siku ya tatu ya matanga utasikia macho yanahama. Yanatafuta mama mzee anayekaa peke yake, au mtoto wa kambo anayeota usiku na kusema. Neno "mlozi" halisemwi kwa sauti, linatembea tu. Sheria ya uchawi ya Zambia, ya tangu 1914, inamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa ni mchawi, na wafanyakazi wa mashirika wanaijua. Lakini sheria inashika mdomo, haishiki macho. Katika kikundi msichana mmoja aliuliza swali ambalo sikulisikia katika semina yoyote: wakati wote wanaiogopa roho ya Nofret, nani anaangalia ile divai? Jioni ile hatukusoma tena, tulizungumza mpaka giza.

Wenye kusoma Kiswahili cha pwani watakumbuka kwamba jambo hili tumeandikiwa na mtu wetu pia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, anamlaza tajiri Bwana Ali amekufa penye mzimu, mahali watu wanapoogopa. Bwana Msa na kiko chake hawaulizi mzimu umekasirikia nini. Anauliza nani alipita, nani anafaidika. Nikivilinganisha, Bwana Msa ananifurahisha zaidi, anacheka na maneno yake ni matamu. Lakini yeye anatoka nje kuja kutatua, kisha anakwenda zake. Kwa Christie wanaotafuta ukweli ni Esa na Hori, watu wa nyumba ileile, wanaokula chungu kimoja na muuaji. Esa anajua atakufa kwa kuuliza, anaonjesha chakula chake kwanza, na bado anauawa, kwa mafuta ya kujipaka. Hiyo inatisha zaidi, na iko karibu zaidi na maisha ya plot.

Sasa lawama. Maiti ni nyingi mno. Wanakufa saba kabla ya muuaji mwenyewe, na kufika mwisho unamtambua kwa kuhesabu waliobaki.

Lawama yangu kubwa ni njaa. Rafiki yake Christie, Stephen Glanville, mtaalamu wa Misri, ndiye aliyemsukuma aandike, na nyumba ya Imhotep imetokana na barua za kweli za kuhani mmoja aliyeitwa Heqanakht. Wachimbaji wa Herbert Winlock walizipata karibu na Thebes mwaka 1921 hadi 1922. Katika barua hizo mzee yuko mbali, anawagombeza wa nyumbani wamheshimu mwanamke wake, anadekeza kijana mdogo. Hayo Christie aliyachukua. Lakini Heqanakht anaandika pia kila mtu wa nyumba apate nafaka kiasi gani, jina kwa jina, na anawaambia wasinung'unike maana kwingine watu wana njaa. Hiyo ni siku ya posho! Mzee mmoja ana orodha, wengine wote wanategemea kalamu yake. Sisi ambao jina la mkuu wa nyumba liko kwenye kadi tunajua chuki inaanzia wapi: ni katika vikombe. Christie akaacha orodha ile, akajaza nyumba yake mabata ya kuchoma na divai, wakagombania urithi tu. Angeiacha njaa iingie, Yahmose angeeleweka zaidi.

Renisenb amenibaki kichwani. Ni mjane kijana, amerudi kwa baba na mtoto wake Teti, na anajiambia nyumbani hakuna kilichobadilika. Wapo hapa wanaotazama ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Pweto, wakisema hivyohivyo. Mwisho anatakiwa kuchagua kati ya Kameni, mzuri wa sura na mwimbaji, na Hori, mtu mzima wa maneno machache. Anamchukua Hori. Wasichana wetu wamegawanyika vibaya juu ya hilo. Kundi la Kameni linasema Hori anahubiri sana. Kitabu sasa kiko kwao, na hawajasema watakirudisha lini.