Maji ya Bonde, Buni za Milima

Katika Kiswahili, mti wa kahawa huitwa mbuni, mbegu yake huitwa buni, na kinywaji kinachotokana na mbegu hiyo ndicho kahawa. Wafanyabiashara wa Kenya wameliongezea neno la kwanza maana nyingine, kwani kwao mbuni pia ni tunda lililokaushwa juani pamoja na ganda lake, ambalo huuzwa kwa bei ya chini kuliko buni zilizomenywa na kuoshwa. Utajiri huo wa majina haujaandamana na utajiri wa kunywa, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya husafirishwa nje ya nchi, na hata Nakuru, mji wenye mashamba ya kahawa kaskazini mwake huko Bahati, Subukia na Solai, kinachochemka asubuhi katika nyumba nyingi ni chai ya maziwa. Ndiyo maana ufundi wa kuzilinganisha kahawa za maeneo mbalimbali nyumbani unastahili sifa, kwani huyarudisha mezani maarifa ambayo kwa muda mrefu yamekaa mbali na mikono iliyolima.

Umbali huo una historia. Wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa walipanda mibuni Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893, lakini chini ya utawala wa kikoloni kilimo hicho kilikuwa cha walowezi, na ni katika miaka ya 1930 tu ambapo Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii walianza kuruhusiwa kupanda. Katika muongo huohuo ulianzishwa mnada wa kahawa wa Nairobi, na kuonja kukawa kazi ya mafundi wachache waliokaa karibu na mnada huo. Aliyechuma aliijua kahawa kwa uzito wa gunia na kwa daraja lake, na daraja lenyewe hutaja ukubwa wa buni kabla ya lolote jingine: AA ni buni zisizopita kwenye chekecheo lenye matundu ya milimita 7.2, AB ni ndogo kuliko hizo, na PB ni ile buni ya mviringo inayokua peke yake ndani ya tunda ambalo kwa kawaida hubeba mbili. Hakuna hata moja kati ya herufi hizo inayoueleza ulimi utakutana na nini.

Kinachoueleza ulimi ni mambo matatu yanayofanya kazi pamoja, nayo ni aina ya mti, mahali unapoota, na namna tunda linavyotengenezwa. Aina inayosifiwa kuliko zote nchini Kenya ni SL28, ambayo herufi zake zinatokana na maabara ya kilimo ya Scott iliyokuwa Kabete, na ambayo asili yake ni mbegu zilizokusanywa mwaka 1931 huko Monduli, Tanganyika, kutoka kwa mibuni iliyoonekana kustahimili ukame. Mti huo hutoa kahawa yenye ladha kali na safi, ila hushambuliwa kwa urahisi na chulebuni, yaani ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mtini, na ndiyo sababu kituo cha utafiti cha Ruiru kikatoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Mahali nako kuna neno lake, kwa maana kadiri shamba linavyopanda mlimani ndivyo baridi inavyolichelewesha tunda kuiva, na tunda lililochelewa huwa na muda wa kujaza mbegu yake sukari na asidi. Kisha tunda huja kiwandani, ambako buni humenywa, huachwa zichachuke hadi ute wake ulegee, huoshwa, hulowekwa tena katika maji safi, na mwisho huanikwa juu ya vichanja, na kosa la siku moja katika mlolongo huo linaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Ufundi wa nyumbani hauhitaji mitambo. Buni mbichi hutandazwa kwenye sinia na kuchambuliwa, zile nyeusi na zilizotobolewa na wadudu zikitupwa, kwa kuwa moja iliyooza yatosha kuchafua kikombe. Zilizobaki hukaangwa katika karai juu ya jiko la makaa, zikikorogwa bila kupumzika, hadi rangi ya kijani igeuke manjano, kisha hudhurungi, wishwa laini upeperuke, na mlio wa kwanza usikike kama wa vijiti vikavu vinavyovunjika. Hapo mkaangaji huepua mapema ili moto usije ukafunika sauti ya shamba kwa sauti yake. Baada ya siku chache za kupumzika, buni husagwa kwa chenga, gramu 8 hivi huwekwa katika kila kikombe na kumwagiwa mililita 150 za maji ya moto, na dakika nne zinapopita, utando uliojikusanya juu huvunjwa kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa imeinamishwa karibu na mvuke. Povu huenguliwa, kahawa huachwa ipoe kidogo, na kila kikombe huonjwa kwa kijiko, kikivutwa kwa kishindo pamoja na hewa ili harufu ifike puani kwa ndani.

Msingi wa ufundi wote ni kwamba vikombe viwe zaidi ya kimoja. Anayekunywa kahawa ya Nyeri peke yake kwa miaka kumi huiita kahawa tu, lakini inapowekwa kando ya ile ya Solai na ya Bugisu, iliyotoka miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, mara inapata uso wake. Kiswahili kinayo maneno ya kazi hiyo. Kuna ugwadu, ambao ni ukali wa kupendeza kama wa balungi. Kuna ukakasi, ule ukavu ambao ndizi mbichi huuacha ulimini. Kuna uchungu wa kuungua na uchungu mwema wa kakao. Na kuna uzito, yaani namna kinywaji kinavyojaza kinywa. Kahawa nzuri ya Nyeri huja na ugwadu unaong'aa na harufu ya zambarau zilizoiva, ilhali ile ya Bugisu mara nyingi huja na uzito zaidi na utamu uliotulia, na ya Yirgacheffe, Ethiopia, yaweza kunukia asumini kabla hata midomo haijagusa kikombe.

Kulinganisha huku si mashindano ya kutafuta bingwa. Magharibi mwa Ziwa Viktoria, huko Bukoba, Wahaya wana desturi ya tangu kale ya kuchemsha matunda ya robusta, ambayo ni jamii ya mbuni wa nyanda za chini yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, na kumpa mgeni ayatafune kama ishara ya undugu. Mombasa na Lamu, kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele, birika la shaba lenye mdomo mrefu, ikiwa na tangawizi, na husindikizwa kwa tende au kashata, kwa hiyo uchungu ambao mwonjaji wa mnadani angeuhesabu kuwa kasoro huko ndio unaotafutwa. Mwonjaji wa nyumbani hujifunza kukiuliza kila kikombe kilikusudiwa nani, na swali hilo humfundisha adabu kabla ya kumfundisha ladha.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote humngojea kwenye sufuria. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94 za Selsiasi, joto ambalo liko ndani ya kiwango kinachopendekezwa kwa kahawa, cha nyuzi 90 hadi 96, hivi kwamba mkazi wa mji huo huepua na kumimina papo hapo wakati mwenzake wa Mombasa analazimika kungoja. Lakini maji hayohayo yana tabia yake. Hili ni bonde la maziwa ya magadi, Nakuru, Elementaita na Bogoria, na maji ya visima vyake mengi hubeba magadi na floraidi, madini yanayoyatia meno madoa ya kahawia, ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeyapiga vita kwa kueneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Magadi huizima asidi, na mpishi anayeyatia kwenye maharagwe ili yaive upesi anajua jinsi yanavyolainisha kila yanachokigusa. Kahawa ya Solai ikimwagiwa maji ya kisima katika kikombe kimoja, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati katika kingine, ya kwanza hutoka bapa na yenye ladha kama ya chaki, na ya pili hutoka na ugwadu wake wote, ingawa buni ni zilezile, zimekaangwa karai moja na kusagwa saa moja. Tofauti iliyopo kati ya vikombe hivyo viwili yaweza kushinda ile iliyopo kati ya nchi mbili.

Hapo ndipo mlinganishaji anapotambua kwamba nyumba yake nayo ni moja ya maeneo ya kahawa. Alianza kwa kuuliza Nyeri ikoje na Bugisu ikoje, na vikombe vikamjibu pia Nakuru ikoje: kimo chake, visima vyake, mvua yake. Mkulima wa Solai, ambaye buni zake zimezoea kuvuka bahari ndipo zionjwe, hahitaji safari hiyo ili azijue. Anahitaji karai, vikombe viwili, na mtungi wa maji ya mvua iliyonyesha juu ya mibuni yake mwenyewe.