Picha za saa nne usiku

Ukitaka kumjua mpiga picha wa harusi, usihangaike na picha alizopiga jioni ufukweni, jua likiwa limelainika. Saa hiyo hata simu ya shangazi hutoa kitu cha kutundika sebuleni. Mwombe za saa nne usiku, ukumbini, taa zimepunguzwa, maharusi wanaingia na MC amepandisha sauti. Na akupe picha zote za harusi moja, siyo zile chache alizochambua kutoka kazi za miaka mitano. Kamati nyingi huanza kwa kuuliza anatumia kamera gani. Mimi siulizi kabisa.

Anza na jicho. Ikuze picha mpaka uso wa bi harusi ujae kwenye kioo cha kompyuta, kisha tafuta fokasi imeshika wapi. Kope zikihesabika, mambo yako sawa. Mara nyingi, lakini, utakuta kope zimefifia huku hereni ikionekana mpaka kikulabu chake, au shanga za shela zikionekana hadi uzi uliozishona. Hapo mkono haukutetemeka. Kamera hutafuta mahali ambapo weupe na weusi hukutana ghafla, na gizani kinachometa huipa mpaka huo kirahisi kuliko jicho. Fundi haiachii kamera ichague. Huweka nukta moja ya fokasi kwenye jicho, na giza likizidi huihamishia kwenye ukosi wa shati jeupe unapogusana na suti nyeusi, alimradi ukosi na uso viko umbali mmoja kutoka kwake. Flashi nyingi za kupachika juu ya kamera zina pia mwanga mwekundu wa kusaidia fokasi, ingawa si kila kamera ya siku hizi inaweza kuutumia.

Ikiwa hakuna palipo wazi popote, na kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja, huo ni ugonjwa mwingine: shata ilikaa wazi muda mrefu na mkono ukacheza. Usiyachanganye haya mawili, maana fundi wa maneno atakutajia lolote litakalomwokoa.

Ukishamaliza jicho, toka usoni. Ubora wa flashi unaonekana nyuma ya watu. Mwanga wake huchoka haraka mno: aliye umbali mara mbili hupata robo tu, na aliye mbali mara nne hupata sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo maharusi walio mita 2 kutoka kwenye kamera wanaweza kung'aa kama waliomwagiwa unga, huku wajomba walioketi mita 8 wamemezwa na giza. Na yale mapambo ambayo michango ya watu iliteketea humo? Hayapo. Anayeijua kazi hushusha shata hadi 1/60 au 1/30 ya sekunde, akapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 1600 au 3200, ili taa za ukumbi zijichore zenyewe na flashi ibaki na kazi ya kuzisaidia nyuso. Chenga kidogo za ISO hiyo zisikutishe. Picha ya ISO 3200 iliyopata mwanga wa kutosha hupendeza kuliko ya ISO 800 iliyotoka na giza kisha ikalazimishwa kung'aa kwenye kompyuta. Hiyo ya pili utaijua kwa madoa ya kijani na zambarau yaliyojaa ndani ya suti.

Utajuaje kama flashi ilielekezwa usoni moja kwa moja au ilipigwa darini ikarudi? Rudi kwenye mboni. Kinukta cheupe katikati yake ni cha moja kwa moja. Wangavu mpana ulioegemea juu umetoka darini, na kivuli chini ya kidevu kitakuwa laini. Ila dari ina masharti yake. Ukumbi uliofunikwa vitambaa vya zambarau hugeuza nyuso za watu kuwa zambarau. Kwenye harusi ya bustanini hakuna dari kabisa, na bado utamwona mtu ameelekeza flashi juu usiku kucha, akiwamulikia popo.

Mtihani mgumu kuliko yote ni uso mweusi ndani ya shela jeupe. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaipunguza flashi, na uso unazama. Mpiga picha asipoirekebisha, utapata shela zuri lisilo na mtu. Akizidisha marekebisho, nakshi za shela hufutika na mashavu yanameta kama yana mafuta. Tafuta picha ambayo nakshi zinasomeka na ngozi imebaki na rangi yake mwenyewe.

Haya yote hayana maana kwamba flashi ya moja kwa moja ni dhambi. Tazama kazi za Malick Sidibé wa Bamako, aliyezunguka kwenye dansi za vijana miaka ya 1960, mtu ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice. Katika picha yake ya 1963, Nuit de Noël, kijana na msichana wanacheza, vichwa vimekaribiana, macho yako kwenye miguu, na msichana yuko peku. Enzi hizo kamera haikumtafutia mtu fokasi. Ilibidi ujue mwenyewe umbali ulioko kati yako na mchezaji, na ujue mguu utatua lini.

Kwa hiyo malizia na picha za watu wakicheza kwaito. Shata ikiwa ya taratibu, taa za rangi huchora mkia wa mwendo, na mweko wa flashi humgandisha mtu. Mkia ukiwa nyuma ya mchezaji, flashi iliwaka mwishoni, shata inakaribia kufunga, na mtu anaonekana anakwenda mbele. Ukiwa mbele yake, iliwaka mwanzoni, na bwana harusi anaonekana kama anarudi kinyumenyume. Mpangilio huo hubadilishwa kwa kitufe au kwenye menyu, kabla ya muziki kuanza. Mwulize mpiga picha wako aliuweka upande gani.