Damu na Kicheko: Sinema za Kutisha za Gharama Ndogo katika Miaka ya 1980

Kati ya mwaka 1981 na mwaka 1987 zilitolewa huko Marekani na New Zealand sinema kadhaa ambazo wahakiki wa heshima walizipita kama mpita njia apitavyo jaa la taka, huku wameziba pua. Zilitengenezwa kwa fedha chache na vijana wasiojulikana, zikajaa damu, matumbo na viungo vilivyokatwa. Na watu walipozitazama, badala ya kulia, walicheka. Sinema hizo hazikufa. Watazamaji wa leo, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati huo, huzitafuta, huzitazama pamoja na rafiki zao na kuyajua maneno yake kwa moyo. Jambo lililodumu kwa zaidi ya miaka arobaini halifai kuelezwa kwa kusema tu kwamba watu wana tabia mbaya. Kicheko hicho kina sababu zake, na sababu hizo zaweza kuchunguzwa.

Kiswahili chenyewe chatoa msaada wa kwanza, maana kinatenganisha mambo ambayo mazungumzo juu ya sinema hizi aghalabu huyachanganya. Kutisha ni jambo moja, kuchukiza ni jambo la pili, na kutia kinyaa ni la tatu. Kitishacho kiko mbele ya mtu, naye hutaka kukikimbia. Kitiacho kinyaa kiko karibu mno, mdomoni au tumboni, na mtu hawezi kukikimbia kwa miguu, hukitema. Sinema za kutisha za zamani, zenye makaburi, ukungu na milango iliayo usiku, zilifanya kazi katika hofu. Hizi za miaka ya 1980 zilihama kutoka katika hofu zikaingia katika kinyaa, na kinyaa kina tabia ya pekee: kikipita kiasi, huzaa kicheko. Mtoto ajua hivyo, naye huwachekesha wenziwe kwa mambo ya kamasi na choo ambayo mama yake amemkataza kuyataja.

Tena uko msemo wa kutia chumvi, kwa maana ya kuongeza jambo kuliko lilivyo. Chumvi kidogo huleta ladha, na nyingi huharibu mchuzi. Watengenezaji wa sinema hizi walimwaga gunia zima, wakagundua kwamba mbele ya uharibifu ipo ladha nyingine ambayo mpishi mwenye kiasi haifikii kamwe. Jeraha moja dogo lioneshwalo kwa ukweli humwumiza mtazamaji. Damu imwagikayo ukutani kama bomba la maji lililopasuka haimwumizi, maana hakuna mwili wa mwanadamu uwezao kuwa na damu kiasi hicho. Akili husita, hupiga hesabu, na hesabu ikikataa, mtu hucheka.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni The Evil Dead. Sam Raimi alikuwa kijana wa miaka 20 alipokwenda mwishoni mwa mwaka 1979 pamoja na mtayarishaji Robert Tapert, mwigizaji Bruce Campbell na wenzao wachache kutoka Michigan mpaka karibu na mji wa Morristown, Tennessee, kupiga picha katika kibanda kilichoachwa msituni. Kabla ya hapo walikuwa wametengeneza filamu fupi, Within the Woods, mwaka 1978, ili kuwaonesha wenye fedha aina ya kitu walichokusudia. Na miongoni mwa waliotoa fedha zao walikuwamo waganga wa meno, watu ambao pengine hawakuwa wageni kabisa wa damu na mayowe. Gharama yote haikufika dola 400,000. Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Redford, Detroit, mwezi wa Oktoba 1981, na mwandishi Stephen King alipoisifu hadharani ndipo milango ya biashara ilipofunguka.

Hadithi yake ni nyembamba kama uzi. Vijana watano wafika katika kibanda, wakuta kitabu na sauti iliyonaswa katika utepe, maneno yasomwa, mashetani waamka, na mmoja baada ya mwingine apagawa. Nguvu ya filamu haimo katika kisa. Imo katika mikono ya watu walioifanya. Hawakuwa na fedha za kununua vyombo vya kuisukuma kamera kwa ulaini, kwa hiyo waliifunga kamera katikati ya ubao, watu wawili wakaushika huku na huku wakakimbia nao msituni. Matokeo yake ni jicho la pepo asiyeonekana, lipitalo juu ya matope na magogo kwa kasi ambayo mtu hawezi kuisahau. Damu ilichanganywa kwa maji mazito ya sukari ya mahindi, rangi ya chakula na unga wa kutilia kahawa. Yasimuliwa kwamba shati la Campbell lilipokaushwa karibu na moto liligeuka gumu kama gome, hata likavunjika alipotaka kulivaa tena.

Habari hizi za jikoni si porojo za pembeni tu. Mtazamaji wa sinema hizi haoni mwujiza mmoja bali aona miwili kwa pamoja: shetani ayeyukaye, na vijana waliokesha wakimfinyanga kwa mikono yao. Katika filamu ya gharama kubwa kazi ya fundi hufichwa kabisa, na mtazamaji asiyeiona kazi hiyo hawezi kumpongeza mtu. Hapa ushonaji waonekana, nyuzi zinaning'inia, na kicheko cha mtazamaji kina ndani yake heshima fulani kwa fundi aliyethubutu. Ni kicheko cha watu waliokaa barazani wakimtazama jirani yao akivaa ngozi ya chui: wajua ni nani, na bado wanashtuka akiruka.

Peter Jackson aliisukuma njia hiyo mbali zaidi. Alikuwa mfanyakazi wa idara ya picha katika gazeti la Wellington alipoanza Bad Taste mwaka 1983, akiipiga siku za mapumziko pamoja na rafiki zake katika Pukerua Bay, na kazi ilichukua miaka minne. Barakoa za viumbe wa sayari nyingine ziliokwa katika jiko la mama yake. Tume ya Filamu ya New Zealand ilikuja kusaidia kwa fedha sehemu kubwa ilipokuwa imekwisha kupigwa. Viumbe hao wamekuja duniani kuwachinja wanadamu ili wawapeleke katika biashara ya vyakula vya haraka huko mbinguni, kisa ambacho mtu aweza kukiona kuwa kejeli ya biashara hiyo hapa chini, ingawa si vema kukitwisha mzigo mzito kuliko kilivyotaka kuuchukua. Jackson mwenyewe aigiza watu wawili, mmoja mwenye ndevu na mwingine asiye nazo, nao wapigana ukingoni mwa jabali; yaani ajipiga mwenyewe. Mmoja wao, Derek, afunguka kisogo, ubongo wamdondoka, naye auokota, aurudisha na kujifunga mkanda kichwani kama mtu aliyefunga mzigo kwenye baiskeli. Kondoo mmoja mwenye bahati mbaya alipuliwa kwa kombora, na katika nchi ambayo kondoo walikuwa wengi kuliko watu dhihaka hiyo ilieleweka bila maelezo. Jackson huyo huyo alipata tuzo ya Oscar ya uongozaji mwaka 2004, na wenye macho makali waona bado, katika majeshi ya filamu zake za baadaye, furaha ya yule kijana wa jiko la mama yake.

Re-Animator ya Stuart Gordon, ya mwaka 1985, yafundisha jambo tofauti. Gordon alitoka katika tamthilia ya jukwaani huko Chicago, na chanzo chake ni kisa cha H. P. Lovecraft kilichochapwa kwa sehemu tangu mwaka 1922 katika gazeti la vichekesho. Jeffrey Combs aigiza mwanafunzi wa uganga aliyevumbua dawa ya kijani ya kufufulia wafu, wala hatabasamu ovyo. Profesa akatwa kichwa, naye aendelea na shughuli zake, kichwa mkononi, akijaribu kuwadanganya walinzi kwa kuweka juu ya shingo kichwa cha mfano kitumiwacho darasani. Waigizaji wanasema maneno yao kama wanaosema tanzia. Ndilo fumbo la futuhi ya namna hii: anayecheka awe mtazamaji peke yake. Mwigizaji akionesha kwamba naye aiona dhihaka, mchezo umekwisha. Sinema nyingi zilizoiga baadaye zilianguka hapo, na wala hazistahili kutajwa majina.

Hata hivyo haifai kuzisifu pasipo mpaka. Katika The Evil Dead limo tukio la miti ya msituni kumwingilia msichana kwa nguvu, na katika Re-Animator kichwa kilichokatwa chamfanyia uovu msichana aliyefungwa mezani. Ukumbini kicheko hukatika, na kikiendelea chaendelea kwa aibu. Raimi mwenyewe alikiri baadaye kwamba tukio lake lilipita kiasi. Wakereketwa wa sinema hizi hupenda kuyapuuza matukio hayo kwa kusema kwamba yote ni mchezo mmoja, lakini kusema hivyo ni kuikosa siri ya sanaa wanayoipenda. Ubongo wa Derek wachekesha kwa sababu ni jambo lisilowezekana. Hakuna mtu aliyepata kuuokota ubongo wake. Kubakwa ni jambo liwezekanalo, nalo hutokea kila siku bila shetani wala dawa ya kijani. Chumvi haikutiwa humo hata kidogo. Ni nyama mbichi iliyowekwa katikati ya karamu ya viungo vya mpira, na kila mlaji huitambua ladha yake.

Serikali ya Uingereza haikupambanua hivyo. Kanda za video zilipoenea majumbani mwanzoni mwa miaka ya 1980, magazeti yalipiga kelele, orodha ya filamu za kushtakiwa ikatungwa, The Evil Dead ikiwemo, na mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria ya kanda za video. Filamu za ukatili mtupu na filamu za dhihaka ziliwekwa katika kapu moja. Kosa hilo lilikuwa la uhakiki kabla halijawa la sheria: walioandika orodha walihesabu damu, hawakupima mwendo wa tukio, wala hawakusikiliza ukumbi. Laiti wangesikiliza, wangetambua kwamba kanda hizo hazikutazamwa na mtu mpweke gizani kama walivyodhani, bali na makundi ya vijana sebuleni, wakipiga kelele, wakitabiri nani atafuata kufa na kumshauri asifungue mlango.

Hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki atakapoona jambo alijualo. Katika ngano za pwani zimwi hutisha na kuchekesha kwa pumzi moja: ameza watu kijiji kizima, apasuliwa, nao watoka wazima, na wasikilizaji huitikia na kuimba, hawakai kimya. Vibanda vya video vya Dar es Salaam na Nairobi navyo vilikuza wasimulizi ambao huitafsiri filamu ya kigeni papo hapo na kuitia maneno yao, hata mauaji ya kuhuzunisha yakawa kichekesho. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo ajabu, na sauti ya msimulizi imetiwa ndani ya filamu yenyewe. Si haki kusema kwamba huyu amewaiga wale. Ufukara ule ule na ujasiri ule ule vimezaa ndugu wasiofanana sura.

Wasimulizi hao wangepata kazi nzuri katika Evil Dead II ya mwaka 1987, ambayo ndiyo kilele cha aina hii yote. Safari hii Raimi alikuwa na fedha mara kumi, na kwa muda mrefu Campbell yu peke yake kibandani, akipigana na mkono wake mwenyewe uliopagawa. Mkono wamvunjia sahani kichwani, wamburuta sakafuni, wamcheka kwa sauti ya panya. Mwisho aukata kwa msumeno wa injini, aufunika kwa ndoo, na juu ya ndoo aweka vitabu ili usitoke. Kitabu cha juu ni riwaya ya Ernest Hemingway ya mwaka 1929, A Farewell to Arms. Katika Kiingereza neno moja la jina hilo lina maana ya silaha na pia ya mikono, kwa hiyo riwaya ya vita na mapenzi yageuka cheti cha mazishi ya kiungo. Mfasiri atakayeandika buriani kwa silaha atakuwa ameihifadhi riwaya na kuiua dhihaka. Kiswahili kina njia yake, maana watu waagana kwa kupeana mkono wa buriani. Msimulizi mwenye kipaji aweza kusema jina la kitabu ni Mkono wa Buriani, ukumbi ukavunjika mbavu, na asiwepo hata mmoja wa kumwuliza Hemingway amekwenda wapi.