Kwa Nini Kila Dinosaria Lazima Asafiri?

Walking with Dinosaurs, ile filamu ya sinema ya 2013, nimeitazama mara tatu. Mara mbili kwa ajili ya mpwa wangu. Ya tatu kwa hiari yangu, usiku, peke yangu, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikujua nikiiteje. Hadithi ni ya Patchi, pachyrhinosaurus wa Alaska, miaka milioni 70 iliyopita. Anazaliwa mdogo kuliko wenzake, baridi inakuja, kundi zima linafunga safari kwenda kusini, baba anauawa njiani, mtoto anakomaa, wanarudi. Zile sauti za vichekesho walizobandikwa wanyama zimeshalalamikiwa vya kutosha, siongezi neno. Kilichokuwa kinanikera ni safari yenyewe.

Maana haikuwa ya kwanza. Miaka miwili kabla yake kulikuwa na March of the Dinosaurs, kazi ya televisheni ya Uingereza, msimulizi Stephen Fry. Humo Scar, edmontosaurus mchanga, anaiaga Aktiki pamoja na kundi lake giza linapoingia. Mwendo kusini! Mtu angedhani Aktiki ya enzi zile ilikuwa stendi ya mabasi. Nisiwaonee: filamu hiyo ina mhusika wa pili, Patch, troodon anayebaki kaskazini, na sehemu zake ndizo bora zaidi humo. Lakini jina la filamu limeshakwambia mwenye hadithi ni nani.

Wazo la kuhama halikubuniwa na watu wa filamu, hilo tukubaliane. Mwaka 1961 mwanajiolojia wa kampuni ya mafuta, Robert Liscomb, aliokota mifupa kando ya Mto Colville, kaskazini kabisa ya Alaska. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kutambuliwa kuwa ni ya dinosaria. Wakati huo picha tuliyokuwa nayo ya mnyama huyu ilikuwa ya kiumbe wa joto na kinamasi, kwa hiyo swali likaja lenyewe: alifanya nini huko jua lilipopotea miezi minne? Jibu jepesi likawa kwamba aliondoka, kama wanavyofanya karibu wa leo. Jibu zuri. Halafu watu wakaanza kupiga hesabu. Mwaka 2008 Phil Bell na Eric Snively walipitia hoja zote za kuhama na kuona kwamba dinosaria wengi wa huko wasingeweza. Hata edmontosaurus, mtembeaji hodari, walimkadiria kilomita 2,600 hivi kwa juu kabisa. Yaani makala hiyo ilikuwa imeshatoka miaka mitatu kabla ya Scar na mitano kabla ya Patchi.

Pigo kubwa lilikuja 2021, na hapa ndipo mimi hutamani mtu angetengeneza filamu. Patrick Druckenmiller wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Alaska, Gregory Erickson na wenzao walichukua udongo kutoka kingo za mto uleule, wakauosha, wakauchekecha, kisha wakautazama chini ya hadubini, punje kwa punje. Humo wakakuta mifupa na meno ya vitoto, vingine vidogo kama kichwa cha pini. Vitoto vya aina saba za dinosaria, wakubwa kwa wadogo, wala majani kwa wala nyama, waliokufa ndani ya yai au muda mfupi baada ya kulivunja. Sasa jumlisha na utafiti wa mwaka 2017, ambao Erickson huyohuyo alihesabu mistari ya ukuaji kwenye meno ya viinitete: protoceratops alihitaji karibu miezi mitatu ndani ya yai, hypacrosaurus karibu sita. Taga jua linaporudi, subiri miezi yote hiyo, na mtoto anatoka kiangazi kikielekea kuisha. Mtoto huyo, mwenye miguu mifupi kama penseli, unamwambia atembee maelfu ya kilomita kabla ya giza? Haiwezekani. Walizaliwa huko, wakabaki huko.

Na huko hakukuwa barafu tupu, ieleweke. Kulikuwa na misitu ya misonobari, mangungu na mimea ya mabwawa, na wastani wa joto wa mwaka ulikuwa kama digrii 6 za Selsiasi. Theluji ilianguka, mto uliganda, majani yalipukutika. Wakubwa huenda waliguguna magome na vijiti wakakonda hadi jua lirudi. Wadogo huenda walichimba mashimo. Huko Montana amepatikana dinosaria mdogo ndani ya shimo lake na wanawe. Wala nyama yaelekea walikuwa na manyoya. Ushahidi unaonipendeza kuliko wote, lakini, ni wa kitu ambacho hakipo: katika miamba hiyo ya Alaska hawajaonekana kobe, mamba wala mijusi. Wanyama wanaotegemea jua kuwapasha moto hawakuweza kuishi pale. Dinosaria waliweza, kwa hiyo walikuwa na moto wao wenyewe mwilini.

Hayo ni maisha ya mashaka hasa, ila hayana barabara. Tatizo la watunzi, nadhani, ndilo hilo. Safari inakupa mwanzo, kati na mwisho bila jasho: mto wa kuvuka, adui wa kukutana naye, mahali pa kufika. Kubaki hakukupi kitu. Jana giza, leo giza, kesho giza, na mhusika anaguguna kijiti kilekile.

Lakini inawezekana, na ushahidi ni wa zamani kuliko filamu zote mbili. Tafuta sehemu ya tano ya mfululizo wa BBC wa 1999, ule ulioitwa pia Walking with Dinosaurs. Hapo tuko upande wa pili wa dunia, miaka milioni 106 iliyopita, wakati Australia ya kusini ilikuwa jirani na ncha. Wahusika ni leaellynasaura, wadogo, waliopewa jina la binti wa Thomas Rich na Patricia Vickers-Rich, waliochimba mifupa yao kwenye mwamba wa pwani ya Victoria. Muttaburrasaurus wakubwa wanahama. Hawa wadogo wanabaki. Mama mkuu wa ukoo anauawa, giza linashuka, na waliobaki wanalala wamegandana. Basi. Kamera inawatazama wakilala, na mimi nikawa nimeshika kikombe cha chai hadi kikapoa.

Kuna mambo yamezeeka humo. Yale macho makubwa ya kuonea gizani yalitokana na fuvu la mtoto, na watoto wa wanyama wengi huwa na macho makubwa. Kuhusu nani alilala na nani alikesha, mistari kwenye mifupa ilisomwa kwa namna moja 1998, na kwa namna nyingine 2011 ilipopimwa mifupa mingi zaidi. Sawa. Kosa la aina hiyo namsamehe mtunzi mapema, kwa sababu alikubali kukaa na wanyama wake mahali walipokuwa.

Mimi mwenyewe sikufanya hivyo nilipopewa nafasi. Miaka kadhaa nyuma nilitumwa kuandika habari za ukame. Nikafuatana na waliokuwa wakihamisha ng'ombe, siku mbili, vumbi, picha nzuri, mhariri akafurahi. Katika kijiji tulikoanzia alibaki mama mmoja na wajukuu. Alinionyesha kikombe anachopimia unga, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nilimpa sentensi mbili, nazo zikakatwa. Sikuuliza gunia limebaki na vikombe vingapi. Kwa hiyo ninapomlaumu aliyemtembeza Patchi, nalijua kosa lake kwa ndani.

Prehistoric Planet ya 2022, msimulizi David Attenborough, imejaribu kurekebisha. Katika sehemu yake ya barafu, pachyrhinosaurus wanasimama duara kwenye dhoruba ya theluji huku nanuqsaurus wakiwazunguka, hawaendi popote. Na kuna antarctopelta mchanga, kule kusini, anayetafuta pango la kupitishia majira ya baridi. Tukio hilo ni fupi mno kwa ladha yangu. Nilipomwonyesha mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, sasa atakula nini humo ndani?" Katika safari zote za Patchi hakuwahi kuniuliza swali hata moja.