Grafu ya Stanmore: mteremko kwanza, kimo baadaye

Stanmore, mwisho wa reli ya Jubilee huko kaskazini-magharibi mwa London, si mtaa mgeni kwa Waswahili. Katika barabara ya Wood Lane kuna kituo cha Makhoja Shia Ithnaasheri, ambao wengi wao chimbuko lao ni Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Si mbali na hapo lipo jumba la Bentley Priory, ambalo kuanzia 1936 lilikuwa makao makuu ya kamandi ya ndege za kivita za Uingereza. Mei 1940, wanasayansi wa kamandi hiyo walichora grafu ambayo mwalimu yeyote wa kalkulasi angeibandika ukutani.

Wajerumani walianza kuivamia Ufaransa tarehe 10 mwezi huo. Wafaransa wakaomba vikosi zaidi vya ndege, na Churchill, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uwaziri mkuu, alielekea kuwapa. Mkuu wa kamandi, Hugh Dowding, alitaka kuzuia jambo hilo. Akawageukia watu wake wa Kitengo cha Utafiti cha Stanmore, kilichoongozwa na Harold Larnder. Mmoja wao, E. C. Williams, akapendekeza kwamba hoja ioneshwe kwa grafu badala ya maneno.

Ujanja wa grafu hiyo ni kwamba haikuuliza ndege ngapi zimebaki. Iliweka kasi mbili pamoja: ndege zinazopotea, na ndege zinazoletwa kuziba pengo. Ukitoa zinazopotea katika zinazoletwa ukapata namba hasi, akiba inashuka, hata kama asubuhi hiyo uwanja umejaa ndege. Tofauti hiyo ndiyo derivativu: kasi ya badiliko la akiba kwa wakati.

Wanafunzi wetu hulifikia somo hili Kidato cha Nne katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya, na Kidato cha Tano na Sita Tanzania. Wengi hulikuta wakiwa tayari na mazoea mabaya: kujaza jedwali, kuweka nukta, kuziunga. Chukua polinomia y = x³ − x. Ukimpa x thamani za −2, −1, 0, 1 na 2, jedwali linakupa −6, 0, 0, 0 na 6. Sifuri tatu mfululizo! Mwenye haraka atapiga mstari bapa katikati na kuhamia swali la pili.

Sasa tafuta derivativu. Kila kipeo kinashuka kuzidisha, kisha kinapungua kwa moja, nawe unapata 3x² − 1. Pale inapokuwa sifuri, mchoro haupandi wala haushuki, yaani x ikiwa karibu −0.58 na 0.58. Rudisha thamani hizo kwenye mlinganyo wa mwanzo: kilele kiko kwenye kimo cha 0.38, bonde kwenye −0.38. Kushoto ya kilele derivativu ni chanya, kati ya kilele na bonde ni hasi, kulia ya bonde ni chanya tena. Kwa alama hizo tatu mchoro umeshapata umbo, na zile sifuri zimepata maana yake: ni mahali ambapo mchoro unakata mhimili, mara ukipanda, mara ukishuka.

Tazama hasa x = 0. Kimo ni sifuri, sawasawa na pale x = −1, na jedwali halioni tofauti yoyote. Lakini mteremko pale −1 ni 2, mchoro unapanda kwa nguvu. Pale sifuri ni −1, unaporomoka. Derivativu ya pili, 6x, inaongeza habari: kabla ya sifuri mkunjo umeinama chini, baada yake umeinama juu. Ndiyo kusema mporomoko ni mkali kuliko kote pale sifuri, na kuanzia hapo unapungua makali ingawa kimo bado kinashuka. Mimi naona mtahini ambaye haulizi swali juu ya nukta hiyo amewanyima wanafunzi nusu ya somo.

Grafu ya Dowding haikufika kwenye derivativu ya pili. Katika kikao cha Baraza la Mawaziri la Vita cha tarehe 15 Mei, kwa kumbukumbu zake mwenyewe, aliinuka akaiweka mbele ya Churchill, akasema upotevu ukiendelea vile kwa wiki mbili, haitabaki ndege ya kivita aina ya Hurricane hata moja, Ufaransa wala Uingereza. Churchill aliyakumbuka mazungumzo yao kwa namna tofauti, na wanahistoria bado wanavutana. Kihesabu, hoja ile ni tanjenti iliyorefushwa: inachukua mteremko wa leo na kudhani hautabadilika. Ni dhana hatari ukiitembeza mbali. Polinomia nayo ina hatari hiyohiyo, maana ukienda kulia vya kutosha, x³ − x inapaa bila kikomo, jambo ambalo hakuna kiwanda cha ndege kinachoweza. Dowding alisema wiki mbili, na alilitamka lile neno “ukiendelea”, kwa hiyo hesabu yake ilisimama.

Siku iliyofuata kikao aliandika barua kutoka Bentley Priory akikumbusha kwamba ulinzi wa Uingereza ulikadiriwa kuhitaji vikosi 52, naye amebakiwa na nguvu sawa na vikosi 36. Hata hivyo, vikosi vingine vichache vilipelekwa Ufaransa. Tarehe 19 Mei Churchill aliamua kwamba hakuna kikosi kingine cha ndege za kivita kitakachotoka nchini kwenda Ufaransa.