Ndege ya Wafungwa

Katika vita kuu ya pili maofisa Waingereza waliofungwa katika ngome ya Colditz, Ujerumani, walijenga kwa siri darini ndege isiyo na mota: mbao za vitanda, mashuka yaliyokazwa kwa uji wa mtama. Aprili 1945 wakafunguliwa, ndege haijaruka.

Televisheni ya Channel 4 imeionyesha ikijengwa upya mara mbili. Mwaka 2012 iliruka toka paa lile lile, lakini rubani alikuwa sanamu. Mwaka 2000 iliruka uwanjani tu. Lakini mtu aliiongoza, na wajenzi wawili, wazee wakati huo, walitazama.

Filimu ya 2012 yashangaza macho. Walakini sanamu haina hofu. Mimi nasifu ile ya 2000: yatuonyesha mbao, na watu pia.