Pongezi kwa Fundi wa Kizibo cha Raba

Fundi bomba anayekataa kufukia mtaro kabla ya kupima bomba la maji taka anastahili pongezi zetu. Kifaa chake ni kidogo: raba nene kati ya sahani mbili za chuma, na nati yenye masikio. Kwanza anaufuta mdomo wa bomba kwa ndani, maana mchanga kidogo tu hupitisha maji. Anakiingiza kizibo, anakaza nati kwa vidole. Sahani zinasogeleana, raba inakosa pa kwenda, inatanuka pembeni mpaka inalishika bomba pande zote. Kisha anajaza maji, anatia alama, anasubiri. Maji yakishuka, kuna kiungo kinachovuja, na ni heri kijulikane kabla zege halijamwagwa.

Ninachokiheshimu zaidi ni uangalifu wake wakati wa kufungua. Katika bomba la milimita 100, maji yaliyosimama mita 3 hukisukuma kizibo kwa uzito wa kilo 23 hivi. Kwa hiyo hakai mbele yake. Anasimama kando, anayatoa maji taratibu kupitia kitundu cha katikati, ndipo analegeza nati. Na kamba alikwisha kuifunga mapema, kizibo kisije kikasombwa na maji.